Siku tisa kwenye maji ya Waodawa

Siku ya kwanza: Grand Rapids hadi Manistee

Mto unaopita katikati ya Grand Rapids, mji wa jimbo la Michigan, Marekani, nimeuvuka karibu kila siku kwa miaka sita, na mitano ya mwanzo sikujua jina lake la kwanza. Kwenye ramani ni Grand River. Wenyewe waliuita Owashtanong, maji ya mbali. Wenyewe ni Waodawa, watu wa asili wa nchi hii ya maziwa, ambao wageni waliwaandika Ottawa, na ndio walionifanya nifunge safari hii.

Dereva ni mpwa wangu. Yuko likizo ya chuo, na ameniambia wazi kwamba kinachomvuta ni maziwa, si historia. "Mjomba, wewe simulia, mimi nitashika usukani." Tukapatana.

Kabla hatujatoka mjini nilimwomba asimame karibu na daraja. Mwaka 1821, huko Chicago, machifu waliweka alama zao kwenye mkataba ulioitoa ardhi ya ng'ambo hii, kuanzia mtoni kuelekea kusini. Mwaka 1836, huko Washington, mkataba mwingine ukachukua ng'ambo ya pili pamoja na kaskazini yake. Sisi tunapanga ng'ambo hii, mtaa ambao Jumapili Kiswahili cha Uvira na Bukavu unakisikia kuanzia mlango wa kanisa hadi duka la unga. Kwa hiyo nyumba yetu imekaa juu ya 1821, na chuo cha mpwa wangu kiko juu ya 1836. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza walilipwa kiasi gani. Nikamwambia hilo tutalifikia njiani.

Jina Odawa hunasibishwa na kitenzi adaawe, yaani kufanya biashara. Katika masimulizi ya Waanishinaabe, jamii kubwa ambayo Waodawa ni sehemu yake, kuna ndugu watatu: Waojibwe, kaka mkubwa, watunza imani, Waodawa, wa katikati, wachuuzi, na Wapotawatomi, kitinda mimba, watunza moto. Muungano wao unaitwa Mioto Mitatu. Hao wa katikati walibeba mahindi, tumbaku, mikeka na ngozi kutoka kwa watu wa kusini wanaolima hadi kwa watu wa kaskazini wanaowinda, na kurudi. Njia ya maji ilikuwa na mwenyewe: ukoo ulioifungua ndio uliokuwa na haki nayo, na mtu mwingine hakupita na bidhaa bila idhini. Mimi nimezaliwa Ukerewe, kisiwani, kwa hiyo wazo la kwamba maji ni barabara halikunipa shida. Lililonifikirisha ni kwamba barabara hiyo ilirithiwa kama shamba.

Baada ya mkataba mwingine wa 1855, Waodawa wengi wa Grand River walihamia kaskazini, kwenye wilaya za Oceana na Mason. Njia yetu ya leo imefuata njia yao. Jioni tumefika Manistee, makao ya kundi la Waodawa la Little River. Hapa wanamlea nme, samaki wa kale mwenye mabamba ya mifupa badala ya magamba, ambaye uvuvi wa kupindukia na mabwawa vilikaribia kummaliza. Vifaranga hulelewa kando ya Mto Manistee, katika maji ya mto huohuo, kisha huachiliwa watu wakishuhudia. Nme ni alama ya ukoo pia. Mtu wa ukoo wa nme anapomwachilia nme mtoni, ni ndugu yake huyo anayemrudisha nyumbani.

Siku ya pili: Peshawbestown

Kijiji chembamba kati ya barabara na ghuba ya Grand Traverse. Tumekula samaki mweupe wa kuokwa, anayeitwa adikameg, na mpwa wangu amekiri kwamba anakaribia sato. Mimi sijafika huko.

Lakini habari ya samaki huyu ni nzito. Waliposaini mwaka 1836, machifu walisisitiza haki ya kuwinda na kutumia ardhi kwa desturi zao hadi itakapohitajika kwa makazi. Zaidi ya karne moja baadaye, jimbo la Michigan liliwakamata wavuvi wao kana kwamba ni wezi. Arthur Duhamel wa Peshawbestown alikuwa miongoni mwao miaka ya 1970: alitega nyavu, akakamatwa, akatega tena. Ng'ambo za maziwa kulikuwa na watu waliokata nyavu usiku na kurusha mawe. Mwezi Mei 1979 Jaji Noel Fox wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba haki ya kuvua ni ya Waodawa na Waojibwe tangu kabla Michigan haijakuwapo, na kwamba mkataba wa 1836 haukuifuta. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikalitambua rasmi kundi la Grand Traverse.

Mtu akikuambia mikataba ni makaratasi ya kale, mwambie kuhusu samaki wa hapa. Karatasi iliyowanyang'anya ardhi ndiyo hiyohiyo iliyowarudishia nyavu, kwa sababu kuna wazee waliokataa kusahau kilichoandikwa na kisichoandikwa ndani yake.

Sasa adui ni mwingine: kome wadogo waitwao kwaga, waliosafiri kutoka Bahari Nyeusi katika maji ambayo meli hubeba tumboni ili zisiyumbe. Wanachuja chakula chote cha vifaranga, ziwa linabaki safi kama kioo, na adikameg wanapungua. Mtu wa Mwanza aliyeona sangara walivyoligeuza ziwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Siku ya tatu: Petoskey na Harbor Springs

Petoskey ni mji wa watalii wenye jina la Modawa, Ignatius Petosega. Biidaasige: mwanga unakuja. Tumezunguka ghuba hadi Harbor Springs, na hapo tumekaa siku nzima.

Kwenye barabara kuu ipo nyumba ya mbao ya Andrew Blackbird, jina lake la kwao Mack-e-te-be-nessy. Alikuwa mkuu wa posta wa mji huu, mkalimani, na mwaka 1887 alichapisha historia ya watu wake iliyoandikwa na mkono wa mmoja wao. Ndani yake aliorodhesha maagizo 21 waliyofundishwa watoto. Akasimulia pia jinsi ndui ilivyokuja: watu waliuziwa Montreal kisanduku cha bati, wakaambiwa wasikifungue hadi wafike nyumbani. Walipofika wakakuta kisanduku ndani ya kisanduku, na ndani kabisa vipande vikavu vyenye ukungu. Vijiji vikaisha, nyumba zikabaki na maiti. Hivyo ndivyo alivyopokea kwa wazee wake, na ndivyo nilivyomsimulia mpwa wangu tukiwa tumesimama mbele ya mlango wa nyumba yake.

Hapo ndipo aliponikumbusha swali la malipo. Mkataba wa 28 Machi 1836 uliosimamiwa na Henry Schoolcraft, mwakilishi wa serikali ya Marekani, ulitoa takriban ekari milioni 14, zaidi ya theluthi ya Michigan ya leo. Malipo yalikuwa dola 30,000 kwa mwaka kwa miaka 20, na dola 300,000 zilitengwa kulipa madeni, maana yake ziende kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiwadai. Mpwa akapiga hesabu kwenye simu. Ile ya kila mwaka ikijumlishwa yote, ni senti nne na ushei kwa ekari. Akapiga tena, akidhani amekosea sifuri.

Nao machifu walikuwa wamejibakizia maeneo ya kuishi. Mkataba ulipofika kwenye Seneti ukabadilishwa: maeneo hayo yakawa yao kwa miaka 5 tu. Wakati huo serikali ilikuwa ikiwahamisha watu wa asili kuwapeleka magharibi ya Mississippi. Waodawa wa Ohio waliondolewa miaka ya 1830 wakapelekwa Kansas, ambako mji wa Ottawa na chuo kikuu cha Ottawa cha mwaka 1865 vimebaki na jina lao. Kisha wakaondolewa tena hadi Oklahoma. Huko mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kufuta utambulisho wao kama taifa, na haikubatilishwa hadi 1978. Kila mtu wa ghuba hii alijua kwamba zamu yake inaweza kufika.

Walichofanya hapa ndicho nilichosafiri kuja kukiona. Waliobaki hawakupigana wala hawakukubali kuhamishwa. Walichukua fedha za malipo yao wenyewe wakaanza kununua ardhi yao wenyewe, kiwanja kwa kiwanja, kwenye ofisi ya serikali, kama mteja yeyote. Wachuuzi, tena. Walijenga nyumba, wakalima, wakaomba uraia wa jimbo. Mwaka 1855, tarehe 31 Julai, mkataba wa Detroit uliwaahidi ekari 80 kwa kila mkuu wa kaya na 40 kwa mtu mzima asiye na familia.

Mwaka 1855. Tarehe 1 Januari ya mwaka huohuo, mji wa Bytown huko Kanada ulibadilishwa jina ukaitwa Ottawa, na baadaye ukawa makao makuu ya nchi. Mji ule umejengwa kwenye ardhi ya Waalgonquin, si ya Waodawa. Ulichukua jina la mto, na mto uliitwa hivyo kwa sababu mitumbwi ya Waodawa ndiyo iliyopita humo na ngozi kuelekea Montreal. Basi mwaka uleule jina lao lilipandishwa juu ya mji usio wao, huku wao wakipimiwa ekari arobaini au themanini katika nchi iliyokuwa yao yote. Hata hizo nyingi zilipotea: hati zilichelewa miaka, walowezi wakaingia, kodi zikageuzwa mtego.

Mwisho wa barabara, karibu na kanisa, palikuwa na shule ya Holy Childhood. Misheni ilianza mwaka 1829. Shule ikawa ya bweni kwa watoto wa asili, ikadumu hadi 1983, na jengo likabomolewa mwaka 2007. Waliosoma humo wameeleza hadharani walivyopigwa kwa kusema lugha yao, na mengine mabaya zaidi. Mwaka 1983 mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi, na kwetu aliyeongea kilugha alivalishwa kibao shingoni. Niliposimama pale kwenye nyasi, kibao kile nilikihisi.

Siku ya nne: Waganakising

Barabara ya M-119 ni nyembamba, haina hata mstari wa katikati, na miti ya pande mbili imekutana juu. Kushoto, chini ya genge, Ziwa Michigan. Urefu ni kama kilomita 32 hadi Cross Village.

Watalii huja kwa ajili ya miti. Mimi nilimwomba mpwa aende polepole kwa sababu eneo hili lote lilikuwa mji. Waganakising, penye mti uliopinda: msonobari mkubwa ulioinama juu ya genge, ambao wapiga makasia waliuona kutoka mbali wakajua wamefika. Wafaransa walitafsiri tu, L'Arbre Croche. Waodawa walihamia hapa kutoka Mackinac miaka ya 1740, udongo wa kule ulipochoka, na vijiji vyao vikashikana ufukweni kwa maili 15 na zaidi. Walilima mahindi mengi kiasi kwamba ngome ya Michilimackinac na wapiga makasia wa biashara ya ngozi walikula kutoka kwao. Vitabu vingi vinasema biashara ile iliendeshwa na Wafaransa na makampuni. Jiulize aliyekuwa akiwalisha ni nani, na mtumbwi wa gome walionunua ulishonwa na mikono ya nani.

Good Hart ina kanisa jeupe la mbao na misalaba meupe midogo mingi, mingi haina jina. Mama mmoja alikuwa akifagia majani juu ya makaburi. Tulimwamkia, akatuuliza tumetoka wapi, nikasema ziwa kubwa kuliko haya yote isipokuwa Superior. Akacheka, akaniambia nipande nikamwambie Superior mwenyewe. Aliendelea kufagia. Nilimwachia mpwa anisaidie kuokota matawi makavu, tukakaa naye kama nusu saa bila maneno mengi.

Siku ya tano: Burt Lake

Siku fupi na mbaya. Ukingoni mwa Burt Lake, mahali paitwapo Indian Point, kulikuwa na kijiji cha Waodawa na Waojibwe. Katikati ya karne ya 19 walinunua ardhi yao kwa fedha taslimu na kuiweka chini ya amana ya gavana wa Michigan, ili isiguswe. Ardhi ya amana hailipi kodi. Hata hivyo walitozwa kodi, "deni" likalimbikizwa, viwanja vikapigwa mnada, na mnunuzi John McGinn akawa na hati. Tarehe 15 Oktoba 1900, wanaume wengi wakiwa kazini mbali, sherifu Fred Ming na McGinn waliwatoa wanawake, wazee na watoto nje, wakamwaga mafuta ya taa, wakachoma nyumba. Waliliacha kanisa. Baadhi walitembea kwa miguu hadi Cross Village, ambako barabara yetu ya jana iliishia, sisi tukiwa ndani ya gari lenye kiyoyozi.

Kundi la Burt Lake limeomba kutambuliwa na serikali ya shirikisho kwa miongo mingi. Mwaka 2006 lilikataliwa kwa hoja za nyaraka. Watu waliochomewa nyumba wanadaiwa karatasi.

Leo ufukweni kuna nyumba nzuri za likizo na boti. Makaburi bado yapo. Hatukupiga picha.

Siku ya sita: Mlango wa Mackinac, kisha Kanada

Alfajiri tumeingia kwenye ngome ya Michilimackinac iliyojengwa upya kwa magogo chini ya daraja. Tarehe 2 Juni 1763 Waojibwe walicheza mchezo wao wa mpira na magongo mbele ya lango, wanajeshi wa Kiingereza wakitazama. Mpira ukarushwa ndani ya ngome, wachezaji wakaufuata, wanawake waliojifunika mablanketi wakawapa silaha. Ngome ilianguka kwa dakika chache. Ilikuwa sehemu ya vita alivyovianzisha Pontiac, Modawa, alipoizingira Detroit mwezi Mei mwaka huo baada ya Waingereza kukata zawadi na baruti na kuwatendea wenyeji kama watu walioshindwa. Ngome nane zilitekwa.

Linalosahaulika ni kwamba Waodawa wa Waganakising hawakushirikishwa katika shambulio la hapa. Walikuja na mitumbwi, wakawachukua mateka waliobaki kutoka kwa ndugu zao Waojibwe, na mwishowe wakawafikisha Montreal wakiwa hai. Wengine husema ni huruma, wengine hasira ya kutoulizwa. Mimi naona hesabu ya mchuuzi: aliyeua wote hana wa kuuza naye kesho, na aliyewarudisha anadai heshima. Mfalme wa Uingereza alitoa tangazo mwezi Oktoba 1763 kwamba ardhi ya watu wa asili isichukuliwe ila kwa makubaliano na Taji. Tangazo hilo limetajwa hadi leo katika katiba ya Kanada. Pontiac aliuawa Cahokia mwaka 1769.

Daraja la Mackinac lina karibu kilomita 8. Mpwa aliendesha ameshika usukani kwa mikono miwili, nami nikamwonyesha kisiwa kilichoinuka majini kama mgongo wa kobe. Jina Michilimackinac lenyewe hufasiriwa kobe mkubwa. Ng'ambo ni St. Ignace. Hapa Waodawa walifika miaka ya 1670 wakitoka ukimbizini: mwaka 1649 Wahaudenosaunee, ambao wageni waliwaita Iroquois, waliwavunja Wawendat, washirika wa Waodawa, na Waodawa wakatawanyika hadi Green Bay na ufuko wa kusini wa Ziwa Superior. Watu wengine wangekwisha. Wao walijaza pengo la Wawendat, wakawa ndio wapelekao ngozi kwa Wafaransa, kiasi kwamba Wafaransa wakawaita watu wote wa maziwa ya juu Outaouais, yaani Ottawa kwa Kifaransa.

Mpakani Sault Ste. Marie tuliulizwa maswali ya kawaida. Mkataba wa Jay wa mwaka 1794 uliahidi watu wa asili kuvuka mstari huu bila kuzuiwa. Mstari ulichorwa katikati ya familia zao, na ahadi hiyo wanapaswa kuidai kila kizazi.

Kisha barabara ndefu kuelekea mashariki, miamba na misonobari. Kando ya njia watu wanauza matunda madogo ya buluu kwenye vikapu. Tumenunua kimoja, tumekula njia nzima, vidole vimebaki zambarau. Mwaka 1615 mvumbuzi Mfaransa Samuel de Champlain alikutana na wanaume wapatao 300 karibu na mlango wa French River, si mbali sana na hapa. Walikuwa wakichuma na kukausha matunda haya kwa ajili ya majira ya baridi. Aliwaita Nywele Zilizosimama, kwa jinsi walivyozitengeneza. Hao ndio Waodawa, mara ya kwanza kuandikwa. Nimefurahi kwamba mara hiyo ya kwanza hawakuwa vitani. Walikuwa wakiandaa chakula.

Siku ya saba: Manitoulin

Mnidoo Mnising, kisiwa cha roho. Ndicho kikubwa kuliko vyote duniani vilivyo ndani ya ziwa la maji baridi, kilomita za mraba 2,766, nacho kina maziwa yake, na maziwa hayo yana visiwa. Unaingia kwa daraja la chuma la mwaka 1913 ambalo majira ya kiangazi hugeuka kila saa ili boti zipite. Tulifika linageuka. Watu walizima injini, wakatoka, wakaanza kuzungumza na wageni wa gari la nyuma, na mpwa wangu akapata mtu wa kumweleza habari za Simba na Yanga.

Sheguiandah kuna machimbo ya jiwe gumu jeupe ambalo watu walichonga zana zaidi ya miaka 9,000 iliyopita. M'Chigeeng kuna Ojibwe Cultural Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1974. Humo tumeona vijaluba vya gome la mti uitwao mbetula vilivyopambwa kwa miiba ya nungunungu. Miiba hulowekwa, hutiwa rangi, hupenyezwa kwenye matundu ya gome na kukunjwa kwa ndani, mmoja mmoja, hadi ua au kobe atokeze. Pindo hushonewa nyasi tamu, na ukifungua kifuniko harufu yake hutoka kama ya udi uliotunzwa sandukuni. Vipo vikapu pia, vya mbao zilizopasuliwa nyembamba kama ukili, lakini mti wake unakufa: mdudu wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, anaumaliza. Wasusi wanakusanya mbegu na kuzihifadhi.

Nilinunua kijaluba kidogo, bei yake ikanifanya nimeze mate, na sikuomba punguzo. Mtu aliyepenyeza miiba yote ile mmoja mmoja haombwi punguzo.

Siku ya nane: Wiikwemkoong

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipoanza kusoma. Baada ya 1836 watu wengi wa Waganakising walipakia mitumbwi wakavuka Ziwa Huron hadi kisiwa hiki, kwa kuogopa kupelekwa Kansas. Kwao ilikuwa kurudi: waliishi hapa kabla ya vita vya 1649. Agosti 1836 Francis Bond Head, gavana wa koloni la Kiingereza, alikuwa amesaini mkataba wa kukifanya kisiwa kuwa makazi ya watu wa asili. Miaka 26 baadaye, tarehe 6 Oktoba 1862, serikali ilirudi na mkataba mwingine wa kukifungua kwa walowezi. Wengine walisaini. Watu wa upande wa mashariki, Wiikwemkoong, walikataa.

Walikataa, basi. Rasi yao haimo katika mkataba, na kibao cha kuingilia kinasema hivyo: Wiikwemkoong, ardhi isiyotolewa. Kwa Kiswahili maeneo mengine ya watu hawa huitwa hifadhi, neno linalonikaa vibaya, kwa kuwa tumelizoea kwa wanyama. Hapa hata halifai. Ni nchi ya watu, Waodawa, Waojibwe na Wapotawatomi, ambayo hawajampa mtu.

Tumekuja wikiendi ya kwanza ya Agosti kwa makusudi. Ngoma kubwa ya hapa imefanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uwanja ni wa nyasi, ngoma iko katikati, waimbaji wameizunguka wakiipiga pamoja. Walioingia kwanza walikuwa wabeba bendera na maaskari wastaafu, na watu wote wakasimama, kofia mkononi. Nikawakumbuka vijana wa Kampuni K, kikosi cha jeshi la Michigan, Waodawa wengi miongoni mwao, waliokwenda Virginia mwaka 1864 kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya serikali iliyokuwa bado haijawapa hati za ekari walizoahidiwa.

Kisha wakaingia wanawake wenye magauni ya njuga, vikoni vya bati vilivyoshonwa safu kwa safu, na kila hatua ikalia kama mvua juu ya mabati. Ngoma hiyo ni ya uponyaji. Mpwa wangu, aliyekuja kwa ajili ya maziwa, alisimama jua kali saa tatu nzima bila kutoa simu mfukoni.

Mchoraji Daphne Odjig alizaliwa kijijini hapa mwaka 1919, na babu yake, mchonga mawe, ndiye aliyemfundisha kushika penseli. Ukiona picha zake zilizojaa mistari inayozunguka bila kukatika, halafu ukaona wachezaji wa hapa wakizunguka uwanja, utajua mistari ile imetoka wapi.

Siku ya tisa: Chi-Cheemaun

Kivuko kutoka South Baymouth hadi Tobermory kinachukua karibu saa mbili. Kinaitwa Chi-Cheemaun, mtumbwi mkubwa, na kimevuka hapa tangu 1974. Mbele yetu ni rasi ya Bruce, ambako Champlain aliwatembelea tena Waodawa majira ya baridi ya 1616, vijijini mwao.

Nimekaa sitaha ya juu upande wa upepo. Mpwa amekuja na kahawa mbili, ameketi, ameomba kukiona kijaluba. Amefungua kifuniko, amenusa, amefunga taratibu.

"Mjomba, mama atauliza tumemletea nini."

"Samaki wa kukaushwa kwa moshi yuko kwenye buti."

"Na hiki?"

"Hiki ni chake pia. Lakini kabla hatujampa, wewe ndiye utakayemwambia kilikotoka."

Amefikiri kidogo, kisha ameanza kujaribu, kwa sauti ya chini, akihesabu kwa vidole ambavyo bado vina zambarau: Owashtanong, Waganakising, Mnidoo Mnising. La pili alilikosea. Mzee aliyekaa benchi la jirani, kofia ya Wiikwemkoong kichwani, amelirudia polepole bila kugeuka, silabi kwa silabi, hadi kijana akalipata.